Uzi Mwekundu kwenye Mche wa Ornella

Filomena akikwambia hana wivu, mtazame mikono. Ikiwa inakunjakunja aproni, anadanganya. Nimekaa naye jirani miaka thelathini na miwili, shamba langu na lao limetengwa na mfereji mmoja tu wa maji, na sijapata kuona mtu mwenye bidii kama yeye wala mwenye donge kama yeye. Nadhani vyote viwili vinatoka mahali pamoja. Mtu asiyetaka kitu haamki saa kumi alfajiri kwenda kukata koliflawa kwenye umande.

Aliletwa hapa Werribee Kusini, nje kidogo ya Melbourne, akiwa bibi harusi wa miaka ishirini na miwili, kutoka kwenye mizabibu ya Mildura. Mumewe Sarino ni mtu mpole, anayeongea na trekta zaidi kuliko anavyoongea na watu. Nyumba ilikuwa ya mama mkwe, Mama Nunziata, na imebaki kuwa yake. Ubao wa getini umeandikwa Nunziata. Lori limeandikwa Nunziata. Hata mwaka ule bibi alipovunjika nyonga, na Filomena akapika sosi yote ya nyanya peke yake, chupa mia nne na kitu, watu waliokuja kula walisifu sosi ya Nunziata. Mimi nilikuwepo mezani. Niliiona aproni inavyokunjwa.

Na bibi alikuwa na binti, Ornella. Mungu anisamehe, hata mimi namwonea gere kidogo, kwa sababu ya kile kiuno. Anakaa mjini Melbourne, anafanya kazi mapokezi kwa daktari wa meno, na Jumapili moja moja alikuwa akija na boksi la keki za dukani na viatu visivyojua tope. Akishuka tu garini, bibi aling'aa. "Roho yangu imekuja!" Ornella alikuwa "roho yangu". Filomena, aliyekuwa akimkata kucha za miguu huyo bibi kila Jumamosi, alikuwa "wewe". Wewe, leta kiti. Wewe, funga dirisha, upepo wa baharini unaniingia.

Haya, sasa habari ya mbegu.

Mama Nunziata alitoka Sisili kwa meli akiwa msichana, na mbegu za nyanya zimeshonewa kwenye pindo la gauni lake. Pindo tumeoneshwa wote, zaidi ya mara moja. Tangu hapo kila mwaka, mwishoni mwa Februari, alipita kwenye safu akionja, na mche mmoja aliuchagua akaufunga uzi mwekundu wa sufu. Tunda la mche ule halikuguswa na mtu mpaka siku ya sosi, mwezi wa tatu, kiangazi kinapofungasha. Siku hiyo alilipasua mbele ya watu wote, akazitandaza mbegu kwenye karatasi ya kaki, na juu ya karatasi likaandikwa jina la aliyechimba shimo na kuupanda mche, na mbegu zikaitwa kwa jina hilo. Karatasi akapewa aliyeulea. Miaka yote hiyo aliyechimba na aliyelea alikuwa mtu mmoja, yeye mwenyewe Nunziata, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuuliza kama wakiwa wawili itakuwaje.

Krismasi moja bibi aliweka uma chini. Mikono yake siku hizo ilikuwa inatetemeka, hata kahawa alikunywa nusu na nusu aliimwaga.

"Mwaka huu sijapanda," alisema. "Nitafunga uzi panapostahili. Aliyeulea mche atachukua mbegu, na sufuria, na mwiko. Mimi nitakaa kwenye kiti niwalalamikie."

Watu walicheka. Filomena hakucheka. Nilimwona amenyooka kwenye kiti kama mtu aliyeitwa jina lake kwa mara ya kwanza. Alikuwa na miche mia mbili nyuma ya nyumba, ameipanda yeye mwenyewe wiki ile ya mbio za farasi, mwanzoni mwa Novemba. Mbegu zile alizitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote pale, na alijua ni zake. Nani mwingine?

Kumbe Ornella naye alikuwa na miche. Wiki ileile ya mbio za farasi alikuja na kofia yenye manyoya, akaomba miche kumi na miwili iliyobaki, akaichimbia mashimo kando ya ua, karibu na tangi. Alipiga picha. Akavunja kucha moja, akarudi mjini. Kumwagilia alimwachia nani? Alimwachia wifi yake.

"Wifi, si utanifungulia tu maji ukipita?" alisema. "Ni koki moja tu."

Ilikuwa kweli. Koki moja ndogo ya bluu chini ya tangi, na mpira wake wa matone. Filomena aliifungua mwezi mzima wa Desemba. Kisha ikaja Januari, na zile siku za digrii arobaini na mbili ambazo hata mbwa hafuatani na mtu, akaisahau. Siku ya kwanza aliisahau kweli, na mimi namwamini. Siku ya pili hakuisahau. Alipita pale na ndoo, akaona majani ya Ornella yamelegea, akaona koki imefungwa, akaenda zake.

Haya aliniambia mwenyewe baadaye. Wakati ule niliona tu miche ya uani inazidi kuwa myembamba, maua yanapukutika, na mmoja baada ya mwingine unakauka, huku ile mia mbili nyuma ya nyumba imekuwa msitu. Nilidhani mpira umeziba. Sikuuliza. Jirani akijua sana anaombwa kutoa ushahidi.

Ilipofika Jumapili ya mwisho wa Februari, miche ya Ornella ilibaki minne. Mama Nunziata alishuka ngazi na fimbo yake, sisi nyuma, Filomena karibu kabisa, amevaa blauzi safi. Bibi alipita safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alichuma nyanya kubwa iliyoiva, akaing'ata, akatema.

"Maji," alisema.

"Mama, jaribu hii," Filomena akamchumia nyingine. "Hii ni ya jua la asubuhi."

"Maji na hii. Umezinywesha kama ng'ombe, wewe. Mnyanya usioona shida unazaa mtoto mjinga."

Na miguu yake mibaya ile ikamchukua mpaka uani. Sijui alifuata nini. Kwenye mmoja wa ile minne palikuwa na nyanya sita, ndogo, nyekundu iliyoiva sana, ngozi ngumu. Alikula moja. Alitafuna polepole, na macho akayafumba. Kisha akatoa uzi mfukoni, na kwa vile vidole vinavyotetemeka alichukua muda mrefu kufunga fundo, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Huu umeteseka," alisema. "Hizi ndizo nyanya za nyumbani kwetu. Mpigieni simu Ornella."

Sarino alipiga. Tulimsikia Ornella anapiga kelele za furaha huko mjini mpaka simu ikakwaruza. Filomena alikuwa amesimama na ile nyanya yake iliyong'atwa mkononi. Nilimwonea huruma, kusema kweli, na nilimwonea huruma zaidi nilipojua alichokuwa anakijua peke yake pale.

Wiki tatu zilizofuata kiangazi kiliondoka. Kwetu hakiondoki kwa ghafla. Asubuhi moja unakuta ukungu umelala juu ya mfereji, kesho yake unatafuta sweta, na kesho kutwa jua la saa nane halichomi tena, linakugusa tu. Majani ya nyanya yakaanza kuwa ya njano kutoka chini. Sarino alianza kung'oa vigingi vya nyanya na kuzungusha trekta, na matuta yalipokaa sawa tukaanza kupanda miche ya koliflawa na brokoli, mgongo umepinda kuanzia alfajiri, vipepeo weupe wakizunguka juu yetu kutafuta pa kutagia. Kazi ya kubadilisha shamba haina mapumziko. Unazika msimu mmoja na kuzaa mwingine wiki hiyohiyo.

Kila kitu kiling'olewa isipokuwa ule mche mmoja uani, na uzi wake mwekundu, na nyanya tano zilizobaki.

Jumatano moja jioni nilivuka daraja la mfereji kurudisha toroli yao. Nikamkuta Filomena kapiga magoti mbele ya mche, mkasi mkononi.

"Unafanya nini hapo?" nikamuuliza.

"Naangalia."

"Kwa mkasi?"

Nikakaa kwenye toroli.

"Ukikata, utasema nini?" nikamwambia. "Ndege? Ndege wa Werribee wameanza kufungua mafundo?"

"Usinichekeshe, Grazia. Roho inaniuma." Akaweka mkasi chini. "Unajua nani kaulea mche huu?"

"Ornella. Kwa simu."

"Mimi. Nilifunga koki."

Ndipo akanieleza yote: siku ya kwanza, siku ya pili, na zile nyingine, wiki tano nzima. Alieleza bila kuniangalia, akivunja udongo mkavu kwa vidole.

"Kwa hiyo ulitaka zife," nikasema.

"Nilitaka zife. Sasa nimesema. Nilitaka Ornella aje Jumapili na keki zake akute kuni. Kumbe nilikuwa namtengenezea mbegu! Huu mche ni kazi yangu. Ningeumwagilia ungekuwa maji kama mingine. Mimi ndiye niliyeutesa. Mbegu ni zangu kwa haki!"

"Basi sema."

"Niseme nini? 'Mama, nipe mbegu, nilitaka kuua nyanya za mwanao'? Mbele ya watu? Mbele ya Sarino?"

Nilimwona amekaa pale anakunjakunja aproni, na hapo akawa na njia mbili tu: anyamaze apoteze mbegu, au afungue mdomo apoteze uso. Nikachukua ule mkasi nikaenda nao kwangu, kwa usalama wa kila mtu.

Siku ya sosi ilikuwa Jumamosi ya baridi kidogo, anga safi. Tulishaosha chupa tangu Alhamisi, zile za kahawia za bia, na Sarino aliwasha moto wa kuni chini ya pipa alfajiri. Makreti ya nyanya yalijaa banda zima. Mimi kazi yangu tangu zamani ni kuzungusha mpini wa mashine, maana nina mabega ya baba yangu. Filomena alikuwa kwenye kisu. Mama Nunziata alikuwa kwenye kiti chake, blanketi magotini, akilalamika kama alivyoahidi.

Ornella alifika saa tatu na suruali nyeupe.

"Nyeupe!" nikamwambia. "Umekuja kupika au umekuja kubatizwa?"

"Ndiyo iliyokuwa safi, jirani," akacheka, akambusu mama yake mashavu yote mawili, akambusu na Filomena. "Wifi, mbona umekonda? Hebu nikusaidie."

"Nisaidie kutia mrehani kwenye chupa. Jani moja kila chupa. Hata mtoto anaweza."

"Mh! Leo umeamka na pilipili."

"Niliamka saa tisa na nusu. Pilipili nilizikuta zimelala."

Wakafanya kazi bega kwa bega asubuhi nzima, na lazima niseme Ornella hakutega. Kufikia adhuhuri suruali ilikuwa na madoa mpaka magotini na nywele zimegandana kwa mvuke. Nilianza kumpenda, jambo ambalo sikulipanga.

Pipa lilipoanza kuchemka, bibi aligonga fimbo. Tukasogea. Sarino alileta sahani yenye nyanya moja, ile kubwa kuliko nyingine nne, ambayo hata hivyo ilijaa kiganjani tu. Bibi aliipasua kwa kisu kidogo, akazisukuma mbegu kwa kidole gumba kwenye karatasi ya kaki, akazitandaza. Ilichukua muda. Harufu yake ilitufikia sote, na kuni zikilia chini ya pipa.

"Nani kaulea mche huu?" akauliza. Alijua, au alidhani anajua. Ndivyo inavyoulizwa kila mwaka, na kila mwaka alikuwa akijijibu mwenyewe.

Ornella akajifuta mikono kwenye suruali. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Mimi, mama," alisema. "Yaani, niliupanda. Sikufanya mengi. Lakini nilikuwa nauwaza kila siku kule kazini, kweli tena. Nilikuwa nasema, angalau nina kitu kimoja kinakua nyumbani."

Bibi akainua karatasi ampe.

"Mwongo!"

Ilikuwa sauti ya Filomena, kali kiasi kwamba mbwa alitoka bandani.

"Hakulea! Mimi ndiye niliyeulea! Nilimfungia koki tangu Januari, siku za digrii arobaini na mbili, wiki tano! Minane ilikufa mikononi mwangu. Huu haukufa kwa sababu ulikuwa mbishi, na mimi ndiye niliyeupa ubishi! Mnadhani utamu umetoka wapi? Kwa kuwazwa mapokezi?"

Maji yalikuwa yanachemka, chupa zinagongana ndani ya pipa. Sarino alikuwa anamtazama mkewe kama mtu aliyekuta mlango nyumbani kwake ambao hakuwahi kuuona.

"Filo," akasema mwishowe. "Makusudi?"

"Makusudi."

Ornella alikuwa mweupe. "Ulitaka kuziua? Nyanya zangu kumi na mbili? Wewe una shamba zima, wifi! Unaamka hapa, unalala hapa, unakula na mama kila siku. Mimi nakuja na keki kama mgeni. Kumi na mbili tu!"

"Na wewe unaitwa roho!" Filomena akapiga kelele, na sasa alikuwa analia waziwazi. "Miaka ishirini na tisa naitwa wewe! Hata mbwa ana jina!"

Tuligeuka wote kumtazama bibi. Mimi nilidhani atamtupia fimbo. Alikaa, mdomo unatafuna hewa. Sijui kama aliona haya. Kama aliona, hakuonyesha, si mtu wa kuonyesha.

"Aliyelea ni huyu," akasema, akaielekeza karatasi kwa Filomena. "Kalea kwa roho mbaya, lakini kalea. Chukua."

Filomena akachukua. Nilimwona anaishika karatasi kwa ncha za vidole, mbegu thelathini au arobaini zimeshikana na utando wake, na uso wake ukafunguka. Alikuwa amekuwa mwenye nyumba.

"Sasa andika jina," bibi akamwambia. "Mimi mkono wangu hauandiki tena."

Sarino akampa penseli ya seremala. Filomena akainama mezani, akaandika F, herufi kubwa.

"Siyo lako," bibi akasema. "Wewe ulichimba shimo?"

Filomena akasimamisha penseli.

"Nauliza, shimo nani alichimba?"

Ornella alikuwa amekunja mikono kifuani, madoa mekundu mwili mzima, na hakumsaidia wifi yake hata kwa kikohozi. Sikumlaumu.

Filomena aliikata ile F. Akaandika chini yake, polepole, herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza aliyewekwa mbele ya ubao: ORNELLA. Kisha akaiweka karatasi juani dirishani, akarudi kwenye kisu, na tukamaliza makreti yaliyobaki bila mtu kuimba.

Hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Mama Nunziata tulimzika majira ya baridi yaliyofuata. Mwiko uko kwa Filomena, na sufuria, na karatasi mpya kila mwaka, kila moja imeandikwa Ornella, kwa kuwa jina la mbegu likishaandikwa halibadilishwi. Sasa anapanda nyanya hizo tu, mia mbili nyuma ya nyumba, na kila Januari anafunga koki kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu bila hivyo haziwi tamu. Watu wanakuja getini kuziulizia. Wanauliza kwa jina.

Ornella anakuja mara moja kwa mwaka, siku ya sosi, na suruali ya kazi aliyoinunua makusudi. Hawagombani. Wanakaa bega kwa bega, mmoja anakata, mwingine anatia mrehani, na watu wakionja na kuuliza sosi hii ya nani, Ornella anainamia chupa zake, na Filomena ndiye anayelazimika kujibu.